Madude ya Jumatano

Jumatano, 3 Machi 2004

Daftari hili nimepewa na Clotilda, nesi, jirani yangu, mtu wa Bukoba. Amelileta asubuhi kabla ya kwenda kazini. "Mwalimu, andika," akaniambia. "Ukikaa kimya hivyo miezi minne utaanza kuzungumza na mbuzi." Nikamwambia sina mbuzi. "Ndiyo maana nasema uandike."

Haya, naandika. Leo ni siku ya kumi tangu mume wangu Mfaume afariki. Presha ilimpiga Jumamosi, Jumapili akaondoka. Nipo edani. Miezi minne na siku kumi sitoki nje ya ua huu, sipaki wanja, sijifukizi udi, sisemi na mwanamume asiye maharimu wangu, yaani anayeweza kunioa. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa, darasa langu la nne kapewa mtu mwingine. Wifi yangu Somoe, dada yake mkubwa Mfaume, amekuja kutoka kisiwa cha Jibondo kukaa nami. Sina mtoto. Mungu hakutujalia.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi ni mwalimu, mtu mzima, ninaheshimika hapa Mafia, Kilindoni mpaka Miburani, na ninapenda picha za madude. Zile za sinema, za madude yanayoshuka kutoka kwenye nyota, yanayofufuka ndani ya barafu, yanayoota mikono sita kwa sababu profesa kamwaga dawa pasipofaa. Ni upuuzi mtupu. Naupenda upuuzi huo kuliko nilivyowahi kupenda chapati za maji.

Na sijaona hata picha moja. Banda la video la mtu aitwaye Jumanne lipo nyuma ya nyumba yetu, linatenganishwa na ua wetu na uchochoro mwembamba tu, lakini mwanamke anayejiheshimu haingii mle. Isitoshe, Jumanne huonyesha Jumatano tu, saa kumi jioni, maana siku nyingine yuko gatini anapakua mizigo, na Jumatano jioni mimi nilikuwa Miburani nikiwafundisha akina mama wa kisomo. Aliyekuwa akienda ni Mfaume. Nikirudi magharibi namkuta ameshaoga, tunakula, kisha ananihadithia. Anafanya sauti zote. Dude analifanya kwa kupuliza ndani ya kata ya kuchotea maji. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu, na nikiogopa namsogelea, naye alikuwa akijua pa kuongeza chumvi ili nisogee.

Picha ya mwisho hakuimaliza. Leo saa kumi nimesikia jenereta likiwashwa uchochoroni na Jumanne akianza kutafsiri kwa ile sauti yake ya mnada. Nimekaa chini, mgongo ukutani. Nilikuwa nangoja picha hiyo.

Haikuwa hiyo. Ilikuwa ya buibui.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua za kwanza. Somoe amepanga ndoo tisa chini ya mabati.

Jumatano, 10 Machi

Niiandike ile picha ambayo Mfaume hakuimaliza, nisije nikaisahau.

Jiwe lilianguka kutoka mbinguni likatumbukia katika ziwa karibu na hospitali. Likapasuka, likatoka dude. Halina sura maalumu. Likimmeza mtu, linachukua sauti yake. Limemmeza mlinzi, likaita kwa sauti ya mlinzi. Limemmeza mpishi, likaita watu wakale. Hospitali nzima imekwisha isipokuwa daktari mmoja mwanamke, amejifungia stoo ya dawa. Mume wake alikwenda kutafuta msaada hakurudi. Sasa ni jioni, anasikia hatua ukumbini. Zinakuja, zinasimama. Hodi. Kisha sauti ya mumewe kabisa, hata kile kikohozi chake kidogo: "Nifungulie. Ni mimi."

Hapo Mfaume akapiga mwayo. "Nitakumalizia kesho." Nilimpiga kwa mto. Alhamisi alirudi amechoka akalala. Ijumaa alirudi na furaha ya ajabu, anaimba, ananawa mikono, nikamuuliza kapata nini, akasema utajua tu. Nikasahau kumuuliza habari ya picha. Nilisahau! Jumamosi hakuweza kusema vizuri.

Nataka kujua kama alifungua. Ni hilo tu, sina haja nyingine duniani kwa sasa. Picha ipo mle bandani, kwenye kaseti, na iko siku Jumanne ataiweka tena, nami nitakuwa hapa.

Leo ilikuwa ya mamba mwenye mabawa.

Jumatano, 17 Machi

Jumanne ana kipaji, lazima niseme. Leo dude lilitokea baharini na yeye akapaza sauti: "Jamani, hili limeingia hifadhini bila kibali! Askari wa hifadhi yuko wapi? Litozwe faini!" Banda zima likaangua kicheko. Mfaume alikuwa akitengeneza mashine za boti za hifadhi ya bahari, angekipenda kichekesho hicho. Nikacheka peke yangu, mdomo nimeuziba kwa ushungi, kisha nikaona haya. Siku ya ishirini na nne ya eda na mimi ninacheka mamba na buibui.

Adui yangu ni jenereta. Lipo uchochoroni usawa wa dirisha la chumba cha kulala, linanguruma toka mwanzo wa picha hadi mwisho. Steringi akisema jambo la maana, lenyewe linakohoa. Natamani life.

Jumapili, 21 Machi

Somoe amenigombeza kwa kumwaga maji ya kunawia. Nje mvua inamwagika kama mbingu imetobolewa. "Nyie watu wa Kilindoni mmezoea bomba," akasema. "Kwetu Jibondo maji yanakuja na chombo kutoka ng'ambo. Mtoto wetu anajifunza kuhifadhi kata moja ya maji kabla hajajua kutembea." Nikamwambia, wifi, tazama nje. Akatazama nje, akaongeza ndoo ya kumi.

Ni mwanamke mgumu. Tangu afike sijamwona analia.

Jumatano, 24 Machi

Ya wadudu. Siyo.

Jumatano, 31 Machi

Mvua juu ya mabati, sikusikia hata neno. Huenda ilikuwa ndiyo. Nimeweka sikio ukutani mpaka limeingia chokaa. Nimelia kwa hasira, na Somoe akadhani namlilia Mfaume, akaniletea uji. Labda hakukosea.

Jumatano, 7 Aprili

Hakuna picha. Banda limejaa maji.

Jumatano, 14 Aprili

Leo ya mtu aliyegeuka nzi. Nilipokuwa nimekaa pale pale ukutani, Somoe akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Wifi, kila Jumatano unafanya nini hapo chini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanifokea. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi akanisikiliza kuanzia jiwe mpaka hodi.

"Asifungue," akasema.

"Lakini ni sauti ya mumewe."

"Mumewe kamezwa. Hilo ni dude. Asifungue." Akainuka akaenda kutazama ndoo zake.

Clotilda alipopita jioni nikamwuliza na yeye. Akasema angeruka dirishani akimbilie kituo cha polisi. Watu wa bara wana imani na polisi.

Alhamisi, 22 Aprili

Tumepanga nguo za Mfaume ili zitolewe sadaka. Somoe alikunja, mimi nilihesabu. Chini ya kikoi chake cha Ijumaa nikakuta kanga yangu ya michoro ya korosho, nyekundu na nyeupe. Kipande kimoja. Doti ilikuwa nzima mwezi wa kwanza, naikumbuka, niliinunua kwa Mhindi nikaihifadhi sijaikata hata pindo. Nimepekua nyumba nzima. Kipande cha pili hakipo.

"Panya," akasema Somoe.

Panya gani anakula kanga nzima na kuacha mwenzake amekunjwa?

Jumapili, 25 Aprili

Nilimtuma Clotilda. Jumanne alikwenda hospitali kufungwa kidonda cha kidole, nami nilikuwa nimemwomba Clotilda akimpata amwulize: ile picha aliyoonyesha tarehe kumi na nane Februari, ya dude lenye kuchukua sauti, ataiweka lini tena?

Clotilda amekuja leo baada ya kanisa. Alikuwa hana raha.

"Mwalimu, amesema tarehe kumi na nane hakuonyesha kitu."

"Amesahau."

"Nilimbana. Amesema jenereta lilikuwa bovu. Tangu mwaka mpya mpaka mwisho wa Februari hakukuwa na picha hata moja. Banda lilifungwa."

Nikamshukuru. Nikamwambia nimechanganya tarehe.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimefanya hesabu kwa vidole. Tarehe saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane Januari. Nne, kumi na moja, kumi na nane Februari. Jumatano saba. Picha saba alinihadithia, kila moja na jina lake na mwisho wake, kasoro ya saba. Na banda lilikuwa limefungwa.

Basi alikuwa wapi?

Nimekaa na swali hili tangu jana na halinipi nafasi ya kula. Nakumbuka alivyokuwa ameshaoga kila nikirudi. Mwanamume gani anaoga kabla ya magharibi, wakati siku nyingine lazima nimsukume? Nakumbuka ile furaha ya Ijumaa, na "utajua tu". Ningejua nini? Nakumbuka kipande cha kanga. Mwanamume hachukui kanga ya mkewe akaitia mfukoni kwa ajili ya kufutia jasho. Kanga hupewa mtu.

Nilikuwa nikimlilia mtu ambaye kila Jumatano, nikiwafundisha wanawake wa Miburani kuandika majina yao, alikuwa kwa mwanamke mwingine, kisha anarudi, anaoga, anakaa mbele ya wali wangu na kunitungia madude ili nisiulize. Na mimi nilikuwa nacheka! Nilikuwa nikimsogelea!

Ningeweza kumtuma Clotilda tena amwulize Jumanne, au mtu mwingine, alikuwa wapi Mfaume. Lakini nikiuliza swali hilo leo, kesho limefika gatini, keshokutwa limevuka mpaka Juani. Watasema mjane wa Mfaume badala ya kumwombea marehemu anamchunguza. Siwezi. Na mimi mwenyewe siruhusiwi kusema na Jumanne mpaka eda iishe. Siku sitini na nne zimebaki. Nitakaa nazo.

Kinachonikasirisha zaidi ya yote ni kwamba nimemkumbuka leo kuliko jana.

Jumapili, 2 Mei

Maulidi. Watu wamejaa msikitini, dufu zinasikika mpaka huku. Wanawake wamekuja kunisalimia baada ya kisomo. Kila aliyeingia nilimkagua kanga kabla ya sura. Mmoja alivaa nyekundu na nyeupe, moyo ukanilipuka, kumbe ni maua.

Jumatano, 5 Mei

Sikukaa ukutani. Nilikaa jikoni nikikuna nazi. Jumanne anapaza sauti tu huko. Nazi imeisha, nikakuna ya pili ambayo hatukuihitaji.

Jumatano, 19 Mei

Mvua inapungua, upepo umegeuka, unatoka kusini na ni wa baridi. Nimeshindwa kuvumilia, nikamwuliza Somoe kwa kuzunguka. Je, Mfaume alipokuwa kijana, alikuwa mtu wa namna gani kwa wanawake?

Somoe alikuwa akishona mkeka. Akatoa ukili mdomoni.

"Marehemu tumwache na Mola wake."

"Wifi, nakuomba."

"Mimi sijui lolote la Mfaume," akasema. "Namjua baba yetu. Baba alikuwa akisema anakwenda Juani kutazama mizinga ya nyuki, upande wa magofu ya Kua. Miaka sita. Alipokufa wakaja msibani watoto watatu wenye pua yake. Asali hatukuwahi kuonja."

Kisha akainamisha kichwa, na nikaona machozi yanadondokea mkeka. "Mwanasiti, na mimi ninaogopa," akasema. "Nilikiona kile kipande cha kanga kabla yako. Nilikificha chini ya kikoi, nikijua utakitafuta mwisho."

Kumbe ule ugumu wote ulikuwa woga. Nilimnawisha uso kwa maji ya ndoo, mengi, naye hakusema kitu juu ya maji.

Jumatano, 2 Juni

Nimerudi ukutani. Nilijiambia nakwenda kufunga dirisha.

Wacha niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nimemkasirikia Mfaume wiki tano na bado saa kumi ya Jumatano ikifika mwili wangu unangoja hadithi. Nataka aje aketi, nimwulize kanga yangu iko wapi, anidanganye, nijue ananidanganya, kisha apulize ndani ya kata. Na lile swali la kwanza halijaondoka. Kama ilikuwa picha ya uongo, basi mwisho wake ulikuwa kichwani mwake, na amekwenda nao. Hakuna kaseti. Hakuna mahali popote duniani ambapo yule daktari anafungua mlango au hafungui.

Jumatano, 9 Juni

Nilikwenda ukutani nikamkuta Somoe amewahi nafasi yangu.

"Nasikiliza kama uchochoro una maji," akasema.

Tukakaa wote wawili. Ilikuwa ya konokono mkubwa aliyekula mji. Somoe alikuwa akimsemesha steringi kwa sauti ndogo: "Chumvi! Mmwagie chumvi, mjinga wewe!" Wazungu walikuwa na ndege na mabomu, chumvi hawakuikumbuka.

Jumatano, 16 Juni

Pweza. Somoe anasema pweza yule kapikwa vibaya.

Jumatano, 23 Juni

Ya mbwa kutoka mwezini. Jenereta limezima mara mbili. Siku sita zimebaki, na sasa ninaogopa ziishe. Edani naweza kusema sijui. Nikitoka nitalazimika kujua.

Jumanne, 29 Juni

Nimetoka edani. Somoe na wanawake wa mtaa wameniogesha, wamenifukiza udi, wamenisomea. Nimevaa kanga mpya. Nimesimama mlangoni nikatazama barabara ya mchanga, mbuzi wa watu, watoto wa shule yangu wakipita na kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Marahaba. Sikuthubutu kutoka zaidi ya hapo.

Jumatano, 30 Juni

Saa tisa na nusu nilivaa buibui nikamwambia Clotilda anisindikize. Somoe alikataa kuja. "Mimi na umri wangu bandani? Niletee habari." Alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

Tulimkuta Jumanne uchochoroni ameinama juu ya jenereta. Ni mtu mfupi, mwembamba, sikutegemea; kwa sauti ile nilimpa kifua kipana. Aliponiona akasimama akafuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu. Najua umekuja kwa sababu ya kelele. Unisamehe. Nilitaka kulihamisha, nikasema hapana, nisiliguse pale alipoliacha mwenyewe."

"Marahaba. Nani aliliacha?"

Akanitazama, kisha akamtazama Clotilda.

"Si marehemu? Mwalimu, hujui?"

Nikamwambia, Jumanne, sijui kitu, nieleze kila kitu usiruke.

Akanieleza amesimama, kofia mkononi. Jenereta lilikufa wiki ya mwaka mpya. Akamwita Mfaume, maana hakuna mashine Mafia nzima iliyowahi kumshinda Mfaume, na mwenyewe alikuwa akijisifia hivyo. Jumatano ya kwanza akalifungua, likamshinda. Jumatano ya pili likamshinda. Kila Jumatano jioni, mimi nikiwa Miburani, alikuwa hapa uchochoroni amelala chini ya jenereta, anatukana kwa sauti ya chini. Akaandika Dar es Salaam aletewe kabureta. Ikachelewa na chombo.

"Nikamwambia, fundi, basi, nitanunua jingine mwakani. Akakataa. Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Alisema, 'Mke wangu akijua jenereta limenishinda atanicheka mpaka Ramadhani. Na akijua hakuna picha, Jumatano yake itakuwa Jumatano tu.' Nilimwuliza sasa unamwambia nini ukirudi? Akasema, 'Nikilala hapa chini napata muda mwingi wa kufikiri.'"

Nilishika ukuta. Ni ukuta ule ule, upande wake wa pili.

"Kabureta ikaja Alhamisi," akaendelea Jumanne. "Ijumaa baada ya sala akaifunga. Akavuta, likawaka mara moja. Mwalimu, alicheza! Mtu mzima yule alicheza hapa uchochoroni na spana mkononi. Akasema Jumatano ijayo atakuleta wewe mwenyewe, watu waseme watakalo, uone dude moja kwa macho yako. Jumatano hiyo tulikuwa kwenye matanga."

Kisha akageuka kuwasha, maana watu walikuwa wameanza kupiga kelele ndani. Akaichukua kamba ya kuwashia. Ya kiwandani ilikatika zamani, akasema. Hii aliisuka Mfaume, akisema nyuzi za dukani hazina nguvu. Ilikuwa nene, imesukwa kwa nyuzi tatu, imeingia mafuta. Lakini karibu na fundo mafuta hayakufika, na pale niliona nyekundu na nyeupe, na nusu ya korosho.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na machozi yakinitoka, hata Clotilda akanishika bega akidhani nazimia. Mwizi mkubwa! Kanga mpya, haijakatwa pindo! Ningemtoa roho.

"Nipe nivute mimi," nikamwambia Jumanne.

Mara ya kwanza halikuwaka. Mara ya pili nikakaza mguu, nikavuta kwa hasira zote za wiki tisa, likakohoa, likanguruma. Kelele ile niliyoilaani miezi minne. Niliiombea ife.

Tukaingia. Vijana wakainuka wakatupisha benchi la mbele. Na hatimaye nimeliona dude, mimi Mwanasiti. Ni mtu aliyevaa mpira wa kijani. Zipu inaonekana mgongoni, na lilipoinua mkono kumkaba profesa niliona saa ya mkononi. Clotilda akaninong'oneza kuwa hii ndiyo picha mbaya kuliko zote alizowahi kuona maishani. Nami sikutaka iishe. Lilipotoka majini nilimshika mkono Clotilda, na nilipogundua kuwa mkono nilioushika si wa Mfaume, nikaendelea kuushika hivyo hivyo.

Picha ilipokwisha nikamwuliza Jumanne kama kuna kaseti popote, Dar, Zanzibar, ya dude linalochukua sauti za watu.

Akafikiri sana. "Hiyo haipo, Mwalimu. Ingekuwepo ningeijua."

Nikarudi nyumbani magharibi. Nilipofika mlangoni nikatambua kuwa mikono yangu inanuka petroli, na kwamba nimetoka kwenye picha nina mengi ya kuhadithia, na mtu wa kumhadithia hayupo. Nikasimama pale kidogo. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akirudi, anapita kwanza bafuni.

Nikaoga. Somoe alikuwa ameshapakua. Nikamweleza yote, jenereta, kabureta, kanga. Alikwenda uani, akakaa huko na ndoo zake muda mrefu, akarudi macho mekundu.

"Haya," akasema. "Nihadithie."

Nikaanza na lile dude la mpira. Akanikatiza.

"Hilo la zipu utanihadithia kesho. Nataka lile la hospitali. Alifungua?"

Nikaichukua kata. Nilifikiri nitasema sijui.

"Hakufungua," nikamwambia. "Alijua si yeye. Lakini alikaa chini, akaegemeza mgongo mlangoni, akamwambia: sikufungulii, ila usiondoke, sema. Likasema. Likakohoa kile kikohozi chake. Likamweleza mambo yote ambayo mumewe alikuwa hajamaliza kumweleza, na yeye akasikiliza mpaka taa ikaisha mafuta."

"Kisha?"

"Kisha likaenda zake."

Somoe akafikiri, tonge mkononi.

"Halikurudi tena?"

"Lilirudi," nikasema. "Jumatano."